Kama homoni ya kushusha presha imejaa kwenye damu, mbona presha haishuki?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa baiolojia, Lindi mjini. Nikiandaa somo la mzunguko wa damu nilisoma kwamba moyo nao hutoa homoni, na kazi ya homoni hiyo ni kutoa chumvi mwilini na kushusha presha. Kisha nikasoma kwamba panya wa maabara wenye presha ya kupanda wana homoni hiyo nyingi kuliko panya wazima. Wanafunzi wamenibana: kama dawa wanayo wenyewe, tena tele, mbona bado wanaumwa? Nami nina langu. Mama yangu yuko Mtwara, ana presha miaka mingi sasa. Kuna mtu kamshauri aende Dar es Salaam akapime homoni za moyo. Aende?

JIBU: Mwalimu, swali la wanafunzi wako liliwagawa watafiti miaka yote ya 1980, kwa hiyo usione haya kubanwa nalo. Kwa mkato: wingi wa homoni kwenye damu unapima moyo umevutwa kiasi gani. Haupimi homoni imefanya kazi gani huko figoni ilikotumwa. Ukivitenganisha vitu hivyo viwili, nusu ya fumbo imeshafunguka. Nusu nyingine ni kwamba hakuna mnyama mmoja anayeitwa panya mwenye presha. Wapo wa aina kadhaa, kila mmoja kaipata presha kwa njia yake, na moyo wa kila mmoja unatoa homoni kwa mwendo wake.

Homoni yenyewe haina umri mkubwa vitabuni. Mwaka 1956 Bruno Kisch alitazama seli za vyumba vya juu vya moyo kwa hadubini ya elektroni, akakuta punje nyeusi ambazo vyumba vya chini havina. Mwaka 1964 Jamieson na Palade wakazieleza kwa undani, nazo zikaonekana kushabihiana na punje za seli za tezi. Msuli wa kusukuma damu una kazi gani na punje za tezi? Hakuna aliyejua, hadi 1981, pale Adolfo de Bold na wenzake huko Kingston, Kanada, waliposaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya, wakachuja, wakawadunga panya wengine kile kimiminika. Ndani ya dakika chache mkojo uliongezeka kama mara kumi, sodiamu kwenye mkojo ikapanda zaidi ya mara thelathini, na presha ikashuka. Waliposaga vyumba vya chini wakadunga, hakuna kilichotokea. Homoni hiyo leo inaitwa ANP, mnyororo wa asidi amino 28. Mwenzake, BNP, ilipatikana 1988 kwenye ubongo wa nguruwe, lakini moyo ukielemewa inatoka zaidi kwenye vyumba vya chini.

ANP hukaa tayari ndani ya zile punje. Ukuta wa chumba cha juu ukivutwa, ama kwa sababu damu inayorudi ni nyingi, ama kwa sababu chumba cha chini kinasukuma kwa shida na damu inarudi nyuma, punje zinamwagwa. BNP haina ghala kubwa. Moyo unapolemewa, seli huitengeneza na kuitoa papo hapo. Zote mbili zinapofika figoni huongeza sodiamu na maji kwenye mkojo, hulegeza mishipa, na huzuia renini na aldosteroni, yaani zile homoni zinazofanya kinyume chake: kubakiza chumvi na kupandisha presha.

Kabla sijakutajia nani alikuta nini, nikueleze wanavyopima, maana ugomvi mwingi ulizaliwa hapo hapo. Presha ya panya hupimwa mkiani. Panya anaingizwa kwenye bomba jembamba la plastiki, pua mbele, mkia nje. Mkia unapashwa joto ili mshipa ufunguke, kisha unavishwa mkanda mdogo kwenye shina, na mbele ya mkanda kuna kifaa kinachosikiliza mapigo. (Usicheke. Najua kwetu Newala na Masasi panya akianza kupashwa joto mwisho wake unajulikana.) Panya mgeni kwa bomba hilo anahangaika, anakojoa, presha inaruka juu, na namba unayopata ni ya woga. Ndiyo maana wanazoezwa siku kadhaa kabla ya kipimo kuhesabiwa. Baadaye vilikuja vifaa vya redio vinavyopandikizwa kwenye mshipa mkubwa, panya akawa anatembea kizimbani mwake huku presha inasomwa usiku na mchana, na baadhi ya matokeo ya zamani yakabidi yaangaliwe upya.

Damu ndiyo ngumu zaidi. Kwa panya, nusu ya ANP iliyotoka moyoni hupotea kwenye damu kwa muda wa chini ya dakika moja au karibu na hapo. Ukimshika vibaya, ukimpa dawa ya usingizi isiyofaa, ukichelewa, umeshabadilisha kile ulichokuja kupima. Mofini, kwa mfano, yenyewe tu humfanya panya amwage ANP. Damu lazima iingie kwenye kichupa kilicholala kwenye barafu, chenye dawa ya kuzuia vimeng'enya visiendelee kuitafuna homoni. Maabara mbili zikiwa na panya wa ukoo mmoja na umri mmoja ziliweza kutoa majibu mawili, na kila moja ikaapa kwamba mwenzake kakosea. Mimi nikisoma makala ya enzi hizo, ukurasa wa mbinu huwa nausoma mara mbili kabla ya kufika kwenye majedwali.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya kukitoa chumba cha juu cha moyo na kukining'iniza ndani ya maji ya chumvichumvi yenye oksijeni, nyuzijoto 37. Kinaendelea kudunda peke yake. Unakivuta kwa uzito unaoujua, unakusanya maji yanayotoka kila baada ya dakika chache, unapima ANP iliyomo. Hapo hakuna figo, hakuna neva, hakuna woga. Kuna mvuto na kuna jibu lake, na jibu linapanda mvuto unapopanda. Kwa njia hiyo pia ilionekana kwamba si mvuto peke yake: endothelini, kemikali inayotolewa na ngozi ya ndani ya mishipa na ya moyo, nayo huchochea ANP kumwagwa.

Sasa wanyama wenyewe.

Maarufu kuliko wote ni panya wa Kyoto, Japani. Mwaka 1963 Okamoto na Aoki walizalisha kizazi baada ya kizazi kutoka kwa panya waliokuwa na presha ya juu kuliko wenzao, hadi wakapata ukoo ambao kila mtoto hupata presha bila kulishwa chumvi ya ziada. Akiwa mtu mzima, presha yake ya juu huwa kwenye 180 hadi 200. Kwa panya hawa wanapokuwa wadogo, presha ikiwa ndiyo kwanza inapanda, watafiti hawakukubaliana: wengine walikuta ANP imepanda, wengine wakaiona sawa na ya panya wazima. Wanapokomaa na moyo kunenepa, ANP kwenye damu mara nyingi huwa juu, na kinatokea kitu cha ajabu: chumba cha chini cha kushoto nacho kinaanza kuitengeneza. Chumba hicho kiliitengeneza panya akiwa bado tumboni mwa mama yake, kikapunguza sana baada ya kuzaliwa, na sasa kimeelemewa kikairudia kazi ya utotoni. Wakizeeka, wengi wao moyo hushindwa, na hapo uzalishaji kwenye vyumba vya chini hupanda zaidi.

Kuna na panya wa Lewis Dahl, aliyefanya kazi Brookhaven, jimbo la New York. Dahl alitenga koo mbili: wanaodhuriwa na chumvi na wasiodhuriwa. Ukiwapa wote chakula chenye chumvi asilimia 8, wa kwanza presha inapaa hadi kuua, wa pili wanakula na kulala. Asilimia 8 ni chumvi ya kutisha, Mwalimu. Panya wa gramu 300 akila gramu 20 za chakula hicho amemeza gramu 1.6 za chumvi kwa siku. Mpandishe hadi kilo 60 kwa hesabu ya uzito, ni gramu 320. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5. Hata anayeshinda kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu na kurudi nyumbani kula ng'onda hafiki popote karibu na hapo. Kwa hiyo panya wa Dahl anatuonyesha njia chumvi inakopita kufika kwenye presha. Kipimo cha chumvi cha kumpa mama hatukichukui kwake.

Panya huyu wa chumvi ndiye anayejibu swali la wanafunzi wako moja kwa moja. Akilishwa chumvi, ANP yake kwenye damu inapanda kama inavyotakiwa. Moyo haujalala. Lakini ukichukua ANP ya kipimo kimoja ukawadunga wote wawili, figo ya anayedhuriwa na chumvi inatoa sodiamu kidogo kuliko figo ya mwenzake. Barua imefika, msomaji hasomi. Na Dahl mwenyewe alikwishaonyesha miaka ya 1970, kabla ANP haijajulikana, kwamba ukihamisha figo kutoka kwa panya asiyedhuriwa kwenda kwa anayedhuriwa, presha inafuata figo.

Figo inashindwaje kusikia? ANP ikigusa kipokezi chake kwenye seli, ndani ya seli hutengenezwa mjumbe wa pili anayeitwa GMP duara, na huyo ndiye anayefanya kazi yenyewe. Kwenye figo iliyoharibika au iliyobanwa, mjumbe huyo anaweza kuvunjwa haraka mno. Vilevile neva zinazoingia figoni na mfumo wa renini vinavuta upande wa pili kwa nguvu. Kuna pia kipokezi cha aina nyingine ambacho kazi yake kubwa ni kuikamata homoni na kuiondoa kwenye damu, na kuna kimeng'enya kinachoitwa neprilisini kinachoikatakata. Na wakati mwingine kasoro iko mwanzoni kabisa: moyo huanza na mnyororo mrefu wa asidi amino 126, ambao lazima ukatwe na kimeng'enya kiitwacho korini ndipo ANP ipatikane. Panya wadogo (wa jamii nyingine yenye umbo dogo, si watoto wa panya hawa) waliozalishwa bila korini hupata presha, ingawa ule mnyororo mrefu wanao.

Mnyama wa tatu hutengenezwa kwa mikono. Panya mzima anaondolewa figo moja, anapewa homoni iitwayo DOCA inayobakiza chumvi, na maji yake ya kunywa yanatiwa chumvi asilimia 1. Huyu ninamshauri mwalimu yeyote amfundishe, maana kwake unaona mambo yakitokea kwa zamu. Siku za mwanzo mwili unabakiza chumvi na damu inaongezeka. Chumba cha juu kinavutwa, ANP inapanda. Baada ya siku kadhaa, ingawa DOCA ipo vilevile, figo inaanza tena kutoa sodiamu sawa na inayoingia. Mwili umejinasua. Watafiti walipowapa panya hawa kemikali inayoziba kipokezi cha ANP, kujinasua huko kulitatizika. Kwa hiyo homoni inafanya kazi, na kazi kubwa, hata kwa mnyama ambaye presha yake inaendelea kupanda.

Huyu wa DOCA ana mtego mmoja ambao umewanasa wengi. Ukipima ANP iliyomo ndani ya ukuta wa chumba cha juu, unaikuta imepungua. Msomaji wa haraka atasema moyo umechoka, hauitengenezi tena. Pima damu: imejaa. Pima maagizo ya jeni ndani ya seli: yamepanda. Ghala ni tupu kwa sababu mzigo unatoka haraka kuliko unavyowekwa. Wanafunzi wako wakijua kutofautisha kilichomo ghalani, kinachotengenezwa na kinachotoka, watakuwa wamewazidi baadhi ya walioandika makala za zamani.

Wa nne simchukulii muda. Mwaka 1934 Harry Goldblatt, akiwa Cleveland, Marekani, aliubana mshipa wa figo wa mbwa kwa kibanio, presha ikapanda. Mtindo huo ulihamishiwa kwa panya, na ANP yao kwenye damu nayo hupanda moyo unapolazimika kusukuma dhidi ya mishipa iliyobana.

Hapo wanafunzi wako watasema: basi homoni haina maana, iko tu. Wape panya wadogo wa 1995. Timu ya Simon John na Oliver Smithies iliiondoa jeni ya ANP. Wasiokuwa nayo kabisa walipata presha hata kwa chakula cha kawaida. Waliobaki na nakala moja kati ya mbili walikuwa salama kwa chakula cha kawaida, ila walipolishwa chumvi asilimia 8 presha yao ilipanda kwa milimita 27 hivi za zebaki. Miaka mitano kabla, timu nyingine ilikuwa imezalisha vipanya wenye ANP ya kupita kiasi tangu kuzaliwa, na presha yao ilikuwa chini kuliko ya ndugu zao. Walioondolewa BNP hawakupata presha. Walipata makovu kwenye kuta za vyumba vya chini. Hilo la mwisho naliona muhimu kuliko linavyosemwa, maana linaonyesha homoni hizi zinaulinda pia moyo wenyewe, nje ya habari ya mkojo na chumvi.

Kwa hiyo ukiniuliza mbona panya mwenye ANP nyingi bado ana presha, mfikirie mvuvi wa Mikindani ambaye dau lake linavuja. Ukimwona anafua maji kwa kasi usiku kucha, kasi yake inakwambia ukubwa wa tundu. Maji yako juu ingawa anafua, na akiacha dau linazama. Ulinganisho sahihi si kati ya panya huyu na panya mzima. Ni kati ya panya huyu na yeye mwenyewe akinyang'anywa homoni, na vipanya wa 1995 wametuonyesha hali ingekuwaje.

Na ukiongeza kutoka nje? Imefanyika. Panya wa Kyoto walipoingiziwa ANP kidogo kidogo kwa siku kadhaa, presha ilishuka, wala sodiamu kwenye mkojo haikuongezeka kwa namna ya kuonekana. Maana yake mishipa ilisikia hata pale ambapo figo haikuonyesha chochote. Lakini homoni inayodumu dakika chache huwezi kuimeza kama kidonge. Njia iliyofanikiwa kwa binadamu ikawa kumzuia anayeikatakata: sakubitrili, inayomzuia neprilisini, ikichanganywa na valsartani, dawa ya presha. Mwaka 2014 jaribio kubwa lilionyesha dawa hiyo inapunguza vifo kwa wenye moyo unaoshindwa kusukuma damu, ikilinganishwa na enalapril, dawa nyingine ya presha na moyo. Haimezwi pamoja na enalapril, kaptopril na ndugu zao, kwa sababu uso na koo vinaweza kuvimba ghafla.

Tukija kwa binadamu, ANP ya panya na ya kwetu zinatofautiana asidi amino moja tu. BNP ni habari nyingine: yetu ina 32, ya panya 45, na kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu hakifai kwa panya. Kwa watu wenye ugonjwa wa presha ambao moyo haujanenepa, homoni hizi mara nyingi ziko karibu na kawaida. Kwa wanene huwa chini. Zinapanda moyo unaponenepa, na zinapanda sana moyo unaposhindwa. Figo ikiwa mbovu zinapanda, na uzee nao unazipandisha.

Ndiyo maana kuhusu mama, ambaye nakuomba umfikishie shikamoo yangu, jibu ni kwamba asipande basi kwa ajili ya kipimo hicho peke yake. Hakitumiki kujua kama mtu ana presha, wala hakisemi kidonge kipi kinamfaa. Kinafaa mtu anapohema na daktari anataka kujua kama ni moyo au ni mapafu. Aanzie Ligula, hospitali ya hapo hapo Mtwara. Apimwe umeme wa moyo, kreatinini kuangalia figo, na mkojo kuangalia protini, na aende na vidonge vyake vyote mkononi ili daktari aone anavyomeza kweli. Umeme wa moyo ukionyesha kuta zimenenepa, hapo ultrasaundi ya moyo itamfaa kuliko namba ya homoni, kwa sababu itaonyesha ukuta wenyewe na jinsi unavyosukuma.

Kama tayari ameshapimwa, soma karatasi imeandikwa BNP au NT-proBNP (kipande kinachobaki BNP inapokatwa kwenye mnyororo wake mrefu), maana viwango vyake si vimoja. Kwa NT-proBNP, chini ya pikogramu 125 kwa mililita kwa mtu asiye wa dharura, moyo kushindwa ni jambo la kutotarajiwa. Juu ya hapo haimaanishi moyo umeshindwa. Inamaanisha atazamwe zaidi.

Ila akianza kuamka usiku akitafuta pumzi, au miguu ikavimba hadi ukibonyeza panabaki shimo, msisubiri safari ya Dar. Apelekwe hospitali ya hapo hapo Mtwara siku hiyo hiyo.